Mnaosoma takwimu chuo, chora grafu kwanza kabla ya hesabu

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma hisabati na takwimu chuo, ukipewa data usikimbilie wastani na rigresheni (yaani kutafuta mstari unaoendana na nukta za data), chora kwanza. Fungua R, ni programu ya takwimu ya bure kabisa, andika anscombe halafu enta, utaona seti 4 za namba alizozitengeneza mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973, kila seti wastani wa x ni 9 na wa y ni kama 7.5, hata mstari wa rigresheni unatoka uleule, sasa zichore uone maajabu, moja imetawanyika kawaida tu, moja imepinda, nyingine kuna namba moja imekaa mbali huko ndo imeuvuta mstari wote!

Baadae fanya hivyohivyo na bei za minada ya korosho zetu, tarehe chini bei pembeni, msimu mzima. Ukiona bei imeshuka ghafla anza kujiuliza, ni ubora, unyevu, mvua imewahi, au wanunuzi wamepungua? Wastani wa msimu hauwezi kukuonyesha hilo hata siku moja. Na laptop ya kawaida tu yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa.