SOMO: Nyumba ya mwambao kwa sisi wa Mwanza, tulivu na ya kupendeza bila kuigiza Zanzibar

Wadau habari za leo. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile staili ya nyumba za mwambao, kuta nyeupe nyeupe, hewa inapita, fenicha chache, mtu ukiingia tu mwili unatulia. Inawezekana kabisa huku kwetu, ila watu wanaanzia mwisho, wananunua picha ya nanga, makombe ya baharini na mito ya mistari ya bluu wanajaza sebuleni, afu nyumba yenyewe saa kumi jioni ni tanuri. Mwambao wetu ni wa ziwa na mawe. Tuanze na jua na upepo, mapambo yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Jua la jioni

Kama uko Capri Point, Luchelele au popote upande wa mjini unaotazama ghuba, ziwa kwako liko magharibi. Maana yake ile sebule unayotaka itazame maji ndiyo hiyo hiyo jua litaipiga usoni kuanzia saa tisa mpaka linazama. Mtu anaweka dirisha la aluminiamu ukuta mzima, wiki ya kwanza anapiga picha, wiki ya pili anatundika pazia zito na ziwa halioni tena mpaka wageni waje.

Dawa yake ni baraza. Sio kale kabaraza ka kuvulia viatu, nasema baraza la kina cha mita 2 na nusu hivi, watu wakae, chakula kiliwe, mtoto alale kwenye mkeka. Ila ujue paa peke yake halizuii jua la saa kumi na moja, linakuwa limeshashuka linaingia kwa chini, kwahiyo mwambie fundi akusukie majamvi ya matete ya kukunja, unayashusha jioni na unayapandisha likishazama. Upepo unapita katikati ya matete na maji bado unayaona kwa vipande. Kwangu mimi hicho kitu kimoja kinabadilisha nyumba kuliko kochi lolote utakalonunua.

Hatua ya 2: Upepo

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, usiku unageuka. Sasa upepo ukiingia lazima uwe na pa kutokea, dirisha moja kubwa bila lingine la kutazamana nalo ni kazi bure. Kama nyumba imeshajengwa, toboa matundu ya hewa juu ya milango ya ndani, ni kazi ya siku moja kwa fundi, na makabati marefu yanayoziba njia kati ya dirisha na dirisha yahamishe. Watu wanalalamika joto wakati kabati la vyombo limekaa kwenye koo la nyumba!

Hatua ya 3: Mawe, usiyafiche

Kiwanja cha Mwanza kina mwamba, na wengi wa kwanza kuitwa ni mpasuaji. Kabla hujapasua muulize mchora ramani kama jiwe linaweza kubaki uani, au hata liingie kidogo kwenye ukuta wa baraza, kwa sababu hakuna pambo la duka litakalofanana nalo. Usilipake rangi wala vanishi, lioshe kwa brashi na maji basi. Mambo mawili ya kuangalia. Moja, mwamba unashika joto mchana kutwa na kulitoa usiku, ukiwa karibu na chumba cha kulala panda bogenvilia au mti wa kivuli uufunike mchana. Pili, mvua ikinyesha maji yanateremka juu ya mwamba moja kwa moja mpaka kwenye msingi, kwahiyo chimba mtaro upande wa juu wa nyumba kabla ya kupaka rangi yoyote, vinginevyo ukuta mweupe utaota madoa ya unyevu chini na utapaka kila mwaka.

Hatua ya 4: Kuta na sakafu

Nyeupe ya hospitali hapana. Tafuta nyeupe iliyochafuliwa kidogo, ya maziwa. Rangi ya pili itoe dirishani kwako: kijivu cha jiwe, kaki ya nyasi za Agosti, kijani kilichofifia. Ziwa Victoria sio bluu ya kadi ya posta jamani, lina ukijani, ukipaka bluu ya bahari ya Nungwi halafu dirishani kuna maji yetu, vinagombana.

Plasta ambayo haijawahi kupakwa rangi unaweza kuipiga chokaa. Ukuta ulowanishwe kwanza, chokaa iwe nyepesi, koti moja leo jingine kesho. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, usiogope na usirundike, inaendelea kuwa nyeupe kadiri inavyokauka. Fundi avae glavu na alinde macho, chokaa inaunguza.

Sakafu mimi nachagua niru ya saruji, yaani lile koti laini la saruji la juu, ya kijivu, inasuguliwa vizuri na kupigwa nta. Ina ubaridi mzuri mguuni na inaendana na mawe. Tailizi zinazong'aa kama kioo zinarudisha jua lote usoni.

Hatua ya 5: Vitambaa na fenicha

Acha kutafuta kitani ya bei mbaya, marikani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida, inatosha. Loweka usiku mzima ndio upeleke kwa fundi cherehani, maana inaruka, ukishona kabla ya kufua pazia zitaishia magotini. Shona pana, zijikunje, zianzie juu karibu na dari.

Chini mkeka wa ukindu toka Bukoba. Kochi moja la mbao lenye mito ya kutoa na kufua, viti viwili vya kusuka, stuli. Nafasi inayobaki iache tupu, najua inauma.

Hatua ya 6: Mapambo

Tenga la kusuka ligeuze liwe kivuli cha taa. Ubao wa mtumbwi wa zamani unakuwa shelfu. Yanatosha.

MASWALI YA WADAU

Ngosha wa Buswelu: Dada mimi nimepanga chumba na sebule, ziwa nalisikia tu kwa watu. Nifanyeje?

*Jibu:* Kaka anza na pazia za marikani na mkeka, afu toa nusu ya vitu sebuleni. Balbu nyeupe kali badilisha weka za mwanga wa njano. Ziwa sio lazima lionekane.

Mama Careen: Hayo madirisha wazi na wale vijidudu wa ziwani? Siku zingine asubuhi tunazoa kwa fagio.

*Jibu:* Kweli mama, hasa siku za mwezi mwandamo wanatoka kama moshi. Weka wavu wenye matundu madogo sana, fremu yake iwe ya kutoa uweze kuipiga maji. Taa ya nje izime, au iwe ya njano na iwe mbali na mlango.

Mdau wa Sengerema: Nina eneo linagusa maji kabisa, na daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa nataka nianze. Baraza liwe juu ya maji?

*Jibu:* Mkuu hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa ziwa, na 2020 na 2024 wote tuliona maji yalivyopanda yakaingia kwenye nyumba za watu. Rudi nyuma, panda juu kidogo. Afu upande wako ziwa liko mashariki, jua lako kali litatokea mgongoni, kwahiyo majamvi weka upande wa nyuma.

Kijana wa Kirumba: Chokaa si inashika nguo ukiegemea?

*Jibu:* Inashika. Ipige nje na sehemu za juu, kwenye korido na nyuma ya kochi tumia rangi ya maji.

Nyanda: Ule ubao wa mtumbwi nimeupata bure mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ila unanuka dagaa hatari, mke wangu kautoa nje.

*Jibu:* Hahaa shemeji yuko sahihi. Usugue kwa maji ya moto na magadi, uache juani wiki nzima ukiugeuza, kisha piga randa nyepesi pande zote. Bado ukinuka, ufanye benchi la uani.