Paka wa ghalani hakai nyumba moja na sumu

Mahindi yakishaanikwa na kuingizwa ndani, kuanzia mwezi wa sita, simu yangu haitulii: "Bwana shamba, panya wamenimaliza." Ukimhoji mwenye simu, unakuta ameshafanya mambo mawili. Amenunua sumu ya panya mnadani, na ameomba paka kwa jirani. Basi hapo ameshampoteza paka, ni siku tu hazijafika.

Huku kwetu Uyui na Sikonge, mkoani Tabora, paka anahesabiwa kama jembe: yupo kwa ajili ya kazi, mengine atajijua. Lakini kazi yake ni ya usiku. Mchana analala, na kwa siku nzima usingizi wake hufika saa 12 mpaka 16. Analala wapi? Hilo nililijua kwa kuchelewa. Nilichanganya mahindi na dawa ya unga, nikashona magunia, nikafunga mlango wa ghala, kumbe paka wangu kajikunja juu ya magunia. Asubuhi namfungulia, masikio yanamcheza yenyewe, mate yanamchuruzika, miguu ya nyuma inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia nafaka zina permetrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaihimili, paka hapana, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja haraka. Tena paka hujiramba, kwa hiyo vumbi lililoshika manyoya linaishia tumboni. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nikamfuta, nikamfunika kwenye kikapu na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alipona, ila siku mbili hakugusa chakula.

Kwa hiyo siku ya kutia dawa mfungie chumba kingine mpaka vumbi litulie na sakafu ifagiliwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya viroboto vya mbwa usimpake. Panadol nayo usimpe hata kipande. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Wenye tumbaku, chungulieni kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kabla ya kuwasha moto, maana paka anayekaribia kuzaa hutafuta kona kavu yenye giza, na bani lisilo na kazi ndiyo kona yenyewe.

Sasa sumu ya panya. Ile inayozuia damu kuganda haimuui panya papo hapo. Anayumbayumba siku kadhaa, na panya anayeyumba ndiye rahisi kukamatwa. Paka akila panya wa namna hiyo mara kwa mara, mwanzoni utamwona mzima, kisha fizi zinapauka na kinyesi kinakuwa cheusi. Akiwahishwa, daktari ana vitamini K1. Ile ya unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu haina dawa ya kuizima. Mimi nasema chagua: ama sumu, ama paka. Ukichagua paka, msaidie kwa mitego, na nguzo za kihenge zivalishe bati usawa wa mita moja kutoka chini ili panya wateleze.

Wengine wanamnyima chakula wakidhani njaa itamfanya awinde. Paka aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa anahamia kwa jirani, na kwa jirani kuna sumu. Mpe jioni dagaa wa Kigoma waliochemshwa bila chumvi, au utumbo wa kuku. Ugali mtupu hauna taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, na paka akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo huchoka. Mchuzi wenye vitunguu usimmiminie. Maji yawepo muda wote, hasa joto la mwezi wa kumi.

Kitanda chake kiwe juu: boksi lenye kipande cha khanga juu ya kabati linatosha, kwa kuwa paka hutulia akiona mlango na mbwa asimfikie. Akiwa mgeni mfungie ndani wiki mbili, la sivyo atarudi alikotoka. Beseni la mchanga lisafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huchukua siku 1 mpaka 5 kwenye kinyesi kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza akiwa na miezi 3. Jike wa miezi mitano anaweza kushika mimba, na baada ya siku 63 hivi una paka sita, kwa hiyo zungumza na daktari mapema kuhusu kumfunga kizazi.

Mwisho ni tundu la kupitia kwenye mlango wa ghala, sentimita 15 kwa 15, lenye kifuniko cha kuzuia siku ya kutia dawa. Likate kabla fundi hajapigilia bati mlangoni. Ukikumbuka baadaye atakudai mara mbili.