Somo: SSD ipi itakubali kwenye deskitopu yako ya zamani?

Wadau, nikiingia steshenari za hapa Mwanza, kuanzia Rwagasore hadi Malimbe kwa wanachuo wa SAUT, mara nyingi nakuta mashine ya aina moja: Dell au HP ya mtumba, prosesa bado nzima, ila ukiiwasha mteja anaenda kunywa chai na kurudi. Dawa ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani. Shida ni kwamba tunaanza kwa kuuliza bei dukani kabla ya kufungua mashine.

Hatua ya 1: Fungua uone. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha toa ubavu. Fuata waya wa data kutoka kwenye diski hadi kwenye madabodi (ule ubao mkuu). Ukiwa mwembamba, upana wa kidole, muunganisho huo unaitwa SATA. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ukiwa mpana kama utepe, ni ule wa zamani uitwao IDE. Ishia hapo, nitaeleza chini.

Hatua ya 2: Jua toleo la SATA. SATA 2 inapitisha takriban MB 300 kwa sekunde, SATA 3 karibu MB 550. OptiPlex 780, kwa mfano, ni SATA 2. Usikate tamaa. SSD ya leo inashuka yenyewe hadi mwendo wa mashine, na tofauti utaiona vilevile, maana kilichokuwa kinakuchelewesha ni kile kichwa cha diski kukimbia huku na huko kutafuta mafaili madogomadogo.

Hapa ndipo nilipoliwa. Muuzaji mmoja alinishawishi nichukue NVMe (SSD ya kasi zaidi isiyotumia SATA) na kadi ya kuichomeka kwenye PCIe, zile nafasi za kadi kwenye madabodi, "ina spidi mara sita". Windows iliiona kama stoo ya mafaili tu. Kuwaka kutoka humo, ng'o! Madabodi nyingi za kabla ya 2014 BIOS zake (programu ya kuwashia mashine kabla ya Windows) hazijui kuanzia kwenye NVMe. Tena SSD za M.2, zile nyembamba kama kijiti, zinafanana kwa umbo: nyingine ni SATA, nyingine NVMe. Soma lebo.

Hatua ya 3: Waya na pa kuikalisha. Hakuna waya wa ziada? Azima wa DVD, siku hizi nani anachoma CD? Ukilazimika kutumia adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya Molex (ile ya zamani ya pini nne), epuka ile ya plastiki iliyomwagwa pamoja na waya, huwa zinaungua. Nafasi ya inchi 3.5 inahitaji fremu, lakini SSD haina kinachozunguka ndani, hivyo hata gundi ya pande mbili inatosha.

Hatua ya 4: Ingia BIOS (Dell F2, HP F10), uone kama SATA iko kwenye AHCI, mpangilio unaoifaa SSD. Ikiwa kwenye mpangilio wa IDE (hapa si ule waya wa utepe) na unaweka Windows upya, badilisha kwanza. Ukihamisha Windows ya zamani, usibadilishe ghafla, itagoma kuwaka. Iweke kwanza iwake kwa Safe Mode (Windows ya vitu vya msingi tu), ndipo ubadilishe.

Hatua ya 5: Kukloni, yaani kunakili diski nzima kwenda SSD. Programu ya Clonezilla ni ya bure. Diski ya zamani ikiwa kubwa kuliko SSD, punguza patisheni (mgawanyo wa diski) kwanza. Na usianze bila UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

MASWALI

Mkuu, niko Sengerema, yangu ni Pentium 4 yenye utepe mpana. Nifanyeje?
Adapta zipo, ila kaka, hela hiyo weka akiba ya mashine nyingine.

Habari, nina RAM GB 2 tu. SSD itanisaidia?
Itasaidia, dada, lakini anza na RAM. Ikijaa, Windows inahamia kuandika kwenye diski muda wote, na hata SSD itahema.

Eneo la Makoroboi hapa Mwanza nimeona SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 256. Nichukue?
Acha. Nyingine ni fleshi ndogo iliyodanganywa ukubwa. Unaandika mafaili, baadaye hayafunguki. Kwa steshenari GB 240 zinatosha. Ukinunua popote, ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, ikiwa bado tupu, na risiti mkononi.

Diski ya zamani niifomati siku hiyohiyo?
Hapana, mkuu. Ichomoe, iweke kabatini wiki mbili. Kazi za wateja zikionekana zote, ndipo uirudishe iwe stoo.