Jinsi ya kusoma mapenzi ya Jane Eyre na Rochester bila kupitwa na kitu

Ukishika riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ilotoka 1847, usikimbilie harusi kwanza, angalia nani ana hela nani hana, maana Jane ni mwalimu wa nyumbani anayelipwa na huyo huyo Rochester, tajiri mwenye nyumba, anayempenda na bado anamjibu usoni bila woga, mi naona penzi lenyewe liko hapo kwenye majibizano aisee. Sura ya 23 isome taratibu, ndo jamaa anaomba ndoa bustanini. Harusi ikivunjika sababu kumbe ana mke, usimuone Jane mkatili kuondoka, anampenda sana tu ila hataki kuwa hawara. Mlinganishe Rochester na St. John, mchungaji anayetaka kumuoa Jane bila mapenzi. Jane akirudi kwa Rochester ana urithi wake, mwanaume kashapofuka, cheki sasa nani anamtegemea nani.