Jinsi ya kujua sahani ya bluu na nyeupe ni ya Iznik au ya Mchina

Ukiingia British Museum au Çinili Köşk kule Istanbul utakuta masahani meupe yenye maua ya bluu, na watu wengi wakiyaona tu wanasema hizo ni za Mchina, kumbe nyingine ni za mafundi wa Iznik, Uturuki, kazi iliyoanza mwishoni mwa utawala wa Sultan Mehmed II, kwenye 1480 hivi. Ikulu ya sultani ilikuwa inazihusudu kinoma kaure (vyombo vya udongo mweupe mgumu) za Ming, ukoo uliotawala China enzi hizo, sasa mafundi nao wakaamua kuonyesha ufundi wao.

Achana na maua kwanza, angalia udongo. Tafuta palipomeguka, au kile kiduara cha chini ambacho sahani inakalia (kushika hawakuruhusu, we piga picha halafu uzumu). Kaure ya Mchina imechomwa kwenye nyuzi joto kama 1300 za Selsiasi, kila kitu kimeyeyuka kikashikana, palipovunjika pako laini na panang'aa. Ya Iznik wala sio kaure, ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa yakachanganywa na unga wa kioo na udongo mweupe kidogo, ikachomwa nyuzi 900 hivi, ndo maana ukiangalia palipomeguka unaona chembechembe kama sukari. Ukikuta udongo mwekundu chini ya weupe, hiyo ni aina ya zamani zaidi, inaitwa ya Miletus ingawa nayo ilitengenezwa Iznik hapohapo.

Sasa njoo kwenye mchoro. Za mwanzo kabisa bluu imejaa, iliyokolea, na maua yameachwa meupe katikati yake: lotasi (maua kama yungiyungi) za Kichina, Waturuki wanaziita hatayi, zimesukwa pamoja na majani ya kujipinda wanayoyaita rumi, yani nafasi tupu karibu hakuna. Kuna birika dogo pale British Museum lina maandishi ya Kiarmenia na mwaka 1510, likariri hilo halafu linganisha mengine nalo.

Ukiona turkwazi (bluu inayoelekea kijani), ushafika miaka ya 1520 na kuendelea. Nyekundu? Hiyo ni ya 1550s, zama za msikiti wa Süleymaniye, usihangaike nayo.

Zinazochanganya ni sahani zilizochorwa zabibu, maana hapo walimwiga Ming waziwazi, vichala vitatu vilevile. Hapo kagua ukingo, umechorwa mawimbi ya bahari: ya Mchina bado ni mawimbi, ya Iznik kadiri miaka inavyosogea yanageuka viduara vya kujiviringisha tu.