Kujifunza maneno ya Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki

Ukijua kwamba mpishi, mapishi na pikia yote yametoka kwenye pika, mbinu hii unayo tayari.

Anza na *port*, kubeba kwa Kilatini. Liandike katikati ya ukurasa, ulizungushie *import*, kuingiza ndani, *export*, kutoa nje, *transport*, kubeba toka huku hadi kule, *portable*, kinachobebeka. Hiyo *-able* hufanya kazi ya *-ika* yetu. Kila neno litungie sentensi yako mwenyewe. Mizizi 3 kwa wiki, kila mmoja na maneno 4 au 5, inatosha. Kukariri orodha ya mizizi 100 bila sentensi ni kujichosha bure.

Viambishi hubadilika sura. *In-* ya kukanusha huwa *im-* mbele ya p, b na m, *il-* mbele ya l, *ir-* mbele ya r: *impossible*, *illegal*, *irregular*. Si kigeni kwetu: *n-* ya wingi huwa *m-* mbele ya b, ndiyo maana wingi wa ubao ni mbao, si *nbao*.

Wengi hukwama kwenye mizizi inayofanana. *Ped* ya *pedal* ni mguu kwa Kilatini, lakini ya *pediatrician*, daktari wa watoto, imetoka kwenye neno la Kigiriki la mtoto. Na *inflammable* haikanushi chochote: maana yake kinashika moto upesi. Ukiliona kwenye lori la mafuta, weka kiberiti mbali.

Kwa hiyo, kisia maana kwanza, kisha fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno.