Kurejea kwenye tendo la ndoa baada ya matibabu ya mshtuko wa moyo

Mwanamume aliyetibiwa mshtuko wa moyo huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa nyingi na maagizo kuhusu chumvi, sigara na mazoezi, lakini swali la tendo la ndoa mara nyingi huondoka nalo bila kuliuliza. Liulize ukiwa bado wodini, kwa kuwa jibu hutegemea matibabu uliyopata. Aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, bila matatizo mengine huweza kuruhusiwa baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kifua kwa kawaida husubiri wiki 6 hadi 8 mpaka mfupa wa kidari uunge, na hata hapo huepuka mkao wa kuegemea mikono. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila kifua kubana wala kuishiwa pumzi, hiyo ni dalili njema ya kumweleza daktari.

Uume ukikosa nguvu, usikimbilie kuzilaumu dawa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huathirika mapema, na kwa wanaume wengi tatizo hilo lilitangulia mshtuko wenyewe kwa miaka kadhaa. Jiulize lilianza lini. Kama lilianza baada ya dawa fulani, andika jina lake na tarehe uliyoanza kuitumia: dawa za kundi la beta-bloka, zinazopunguza kasi ya moyo, kama atenololi, na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo hushukiwa zaidi. Hofu nayo ina sehemu yake, na kama uume bado husimama vizuri alfajiri, huenda mishipa si tatizo kubwa. Lolote liwalo, usiache dawa kimyakimya. Kukatisha beta-bloka ghafla kunaweza kuleta mshtuko mwingine, ilhali daktari anaweza kukubadilishia au kupunguza kipimo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Sildenafili na tadalafili huwafaa wagonjwa wengi wa moyo ambao hali yao imetulia, lakini zikikutana na dawa za naitreti, zinazotanua mishipa ili kutuliza maumivu ya kifua, zikiwemo zile za kuweka chini ya ulimi, presha huweza kushuka kiasi cha kuua. Unga na mitishamba isiyo na maelezo vilevile si kimbilio, maana baadhi yake imekutwa na sildenafili iliyofichwa ndani.

Maumivu ya kifua yakikujia katikati ya tendo, acha mara moja na uketi. Kama ulimeza sildenafili ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafili ndani ya saa 48, usitumie naitreti. Ita msaada wa dharura na useme wazi ulimeza nini na saa ngapi. Mkeo naye ayajue hayo mapema, kwa sababu huenda yeye ndiye atakayeulizwa.